Asilimia Sitini na Moja

Mama yangu alifundisha darasa la kwanza miaka thelathini na mmoja na hakuwahi kuhitaji kengele. Wanafunzi walimwita Kipaza. Jina alilijua na alikuwa analiringia. Mtoto aliyejificha nyuma ya choo kukojoa, akisikia anaitwa kutoka ofisini, mkojo ulikatika wenyewe. Kwa hiyo daktari aliposema uvimbe wa kooni umekua, kwamba kisanduku chote cha sauti lazima kitolewe na Mama atobolewe tundu shingoni la kupumulia, hatukushtuka sisi peke yetu. Jirani wa upande wa kushoto alikuja kutoa pole, akakaa, akanywa chai vikombe viwili, halafu akauliza, "Sasa sisi huku tutaamshwa na nini?"

Nilicheka mpaka nikatoka nje. Nyumbani kwetu ndivyo tulivyo: anayelia anachekwa, na akilia kwa kuchekwa anachekwa tena. Mama ndiye aliyetulea hivyo. Mimi aliniita Chumvi tangu nina miaka minne, kwa sababu kila nilichosimulia nilikikoleza.

"Mama," nilimwambia siku ile ile, "ongea kwa kubana matumizi. Kifurushi chako kinaisha baada ya wiki nne."

"Kikiisha nitatumia kofi," akanijibu kwa ile sauti iliyokuwa imeshaanza kukwaruza kama bati linaloburutwa. "Kofi halihitaji mtandao."

Baba alikuwepo, ameshika kikombe. Hakucheka.

Baba alikuwa fundi umeme katika kiwanda cha sabuni mpaka alipostaafu. Mama alimwita Fyuzi. Wiki ya kwanza ya ndoa yao Baba aliunganisha taa ya chumbani, akabonyeza swichi kwa madaha, na mtaa mzima ukaingia gizani. Miaka thelathini na minne baadaye jina lilikuwa bado linafanya kazi kutwa. "Fyuzi, viatu." "Fyuzi, unatafuna kama unapasua kuni." "Fyuzi, hebu wape wageni ile hadithi yako ya kiwandani, wanataka kuondoka mapema." Ukoo wote ulimwita hivyo. Wajukuu walimwita Babu Fyuzi wakidhani ndilo jina lake la kuzaliwa. Yeye aliitika tu.

Kitu kimoja katika nyumba ile kilikuwa mali yake, nacho ni swichi kuu, pale ukutani kando ya mlango wa mbele. Alipokuwa kijana kazini aliwahi kuitwa kwenye nyumba iliyoungua kwa sababu ya pasi iliyosahauliwa, na alichokikuta ndani hajawahi kumsimulia mtu. Tangu siku hiyo Baba hatoki nyumbani bila kuishusha swichi kuu. Hata akienda kununua kiberiti. Hata kama sisi tumo sebuleni tunatazama mpira, penalti inapigwa: unasikia ka! televisheni inakufa, na viatu vyake vinatokomea nje. Tulishazoea. Friji hatukuwa nayo. Ingekuwa kabati la maji ya moto.

Hospitalini kulikuwa na binti anayefundisha wagonjwa kumeza na kusema upya. Yeye ndiye aliyetueleza habari ya benki ya sauti. Mgonjwa anakaa mbele ya kompyuta kabla ya upasuaji, anasoma sentensi mia sita kwa sauti yake mwenyewe, zinatumwa kwa wenye programu, nao wanatengeneza sauti inayofanana na yake. Baadaye akiandika neno, kompyuta au simu inalisema kwa sauti ile. Kuna sharti moja. Wakishazipokea wanarudisha orodha ya sentensi zilizoharibika ili zisomwe tena. Kwa hiyo lazima zitumwe mapema, mwenye sauti akiwa bado anayo.

"Na jambo la pili, kaka," binti akaniambia mimi, maana nilikuwa nimeshajitangaza kuwa ndiye fundi wa familia. "Kila siku mkimaliza kurekodi, unanakili mafaili kwenye flashi. Kila siku. Usiniambie kesho."

"Kesho," nikamwambia, na Mama akacheka akakohoa.

Flashi nilikuwa nayo, inaning'inia kwenye funguo zangu. Ilikuwa imejaa mechi na vichekesho.

Tuligeuza chumba cha Mama kuwa studio. Godoro la wageni tulilisimamisha dirishani kuzuia kelele za barabarani, mablanketi tukayatundika ukutani ili sauti isirudi. Mama aliketi mbele ya kompyuta yetu ya mezani, mzee wa miaka kumi na moja mwenye diski inayonguruma kama paka aliyeshiba, akaanza. "Naomba maji." "Leo kuna mawingu." "Asante, nimeshiba." Aliweza sentensi thelathini kwa siku, akizidisha sana arobaini. Baada ya hapo koo lilifunga na yalitoka makwaruzo tu, ikabidi kungoja mpaka kesho yake. Siku nyingine alitema damu kwenye leso, akaikunja, akasema, "Sentensi inayofuata."

Sentensi hamsini za mwisho programu ilimwachia mwenyewe: weka maneno ambayo wewe huyasema sana nyumbani.

"Haya sasa," Mama akasema akisugua viganja. "Andika, Chumvi."

Zote hamsini zilikuwa za Baba.

"Fyuzi, umesahau tena." "Fyuzi, nani alikuuliza?" "Fyuzi, kaa kimya, watu wanaongea." "Fyuzi, ungekuwa balbu ningeshakubadilisha." Nilicheka hadi nikaangusha kibodi. Na nisijifanye mtakatifu, saba nilizitunga mimi. Ile ya balbu ni yangu. Mama alizisoma kwa siku mbili, kwa nguvu zake zote zilizobaki, na kila alipomaliza moja alisubiri kidogo akitazama ukuta, kwa sababu upande wa pili wa ukuta ule ndiko Baba alikokuwa anakaa akisikiliza redio. Redio ilikuwa imezimwa. Tulisikia kiti kikisogea.

Jumapili tukamaliza mia sita. Upasuaji ulikuwa Alhamisi, saa mbili asubuhi, na tarehe hiyo ilishasogezwa mara mbili. Daktari alisema hatausogeza tena, uvimbe hausomi kalenda. Jumatatu asubuhi nikabonyeza pa kutuma.

Programu ikagoma. Kwenye kioo kikatokea kibao: toleo la mfumo wa kompyuta yako ni la zamani mno, sasisha kwanza kisha ujaribu tena.

"Anasemaje huyo?" Mama akauliza.

"Anasema kompyuta yetu imezeeka, inahitaji kusasishwa."

"Mwambie hapa kuna wa kumtangulia," akasema, kwa sauti ya kufika ng'ambo ya ukuta.

Nikaanza kusasisha. Dakika kumi, kosa. Namba ndefu yenye herufi ndani yake, kama ya gari lililogongwa. Nikaitafuta kwenye simu: diski haina nafasi. Nikafuta michezo yangu yote, nikamwaga kapu la takataka, nikafyeka mabaki ya masasisho ya zamani yaliyowahi kuanza na hayakuwahi kumalizika. Yalikuwa mengi ajabu, tabaka juu ya tabaka. Nikaanza upya.

Kosa la pili. Safari hii haikuweza hata kuwasiliana na huko masasisho yanakotoka. Mtandao upo, simu inashika, kompyuta inakataa. Nilihangaika saa nzima, nikachomoa waya, nikarudisha, nikazima, nikawasha, nikatukana. Kisha macho yangu yakaanguka pembeni kabisa mwa kioo, penye saa na tarehe. Kompyuta iliamini tuko miaka kumi na moja nyuma. Kwa hesabu zake mimi nilikuwa bado darasa la pili na mapafu ya Mama yalikuwa hayajui kukohoa. Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo ya duara, kama ya saa ya mkononi, inayotunza tarehe umeme ukikatika. Ya kwetu ilikufa zamani, na kwa kuwa Baba aliukata umeme kila alipotoka, kila siku kompyuta ilizaliwa upya. Na mtandao haumwamini mtu anayekuja na tarehe ya mwaka juzi na majuzi.

"Kumbe ni Fyuzi," nikamwambia Mama.

"Ni lini haikuwa Fyuzi?"

Nikakimbia kwa fundi saa pale kona, nikanunua betri, nikafungua kompyuta, nikapuliza vumbi, nikaipachika. Nikarekebisha tarehe. Ikakubali, ikapakua, ikaanza kusakinisha. Asilimia thelathini na tano, ikasimama. Kosa la tatu, na ujumbe kwamba inarudisha kila kitu kilivyokuwa. Kurudisha kulichukua muda kuliko kwenda. Hapo nikagundua kuna antivairasi mbili ndani, moja niliiweka mimi na nyingine ilikuja yenyewe, na zilikuwa zinapigana kama wake wenza. Nikaziondoa zote mbili. Nikachomoa printa, kamera na spika, kila kilichoning'inia, nikabakiza kibodi na kipanya.

Jumanne saa moja asubuhi nikaanza tena, na safari hii ilikwenda. Kumi. Ishirini. Thelathini na tano ikapita bila kupiga hodi. Nikapiga kelele, Mama naye akapiga kofi mezani. Saa nne kasoro ilikuwa hamsini na nane, na sisi tulitakiwa hospitalini, Mama akatolewe damu na kutia saini karatasi za ridhaa.

Nilichukua karatasi nyeupe, nikaandika kwa kalamu nene: USIZIME. MASASISHO YANAENDELEA. SAUTI YA MAMA IMO HUMU. Nikaibandika juu ya swichi kuu kwa gundi ya utepe, pande zote nne, hata ukitaka kuigusa swichi lazima kwanza uibandue karatasi. Halafu nikaenda kwa Baba.

"Baba, leo ukitoka, usizime."

"Sawa."

"Si sawa ya mdomoni. Kuanzia kesho kutwa mwenyewe utakuwa na amani, vumilia siku mbili tu."

Ulikuwa mzaha. Nilimpiga kwa bega.

"Amani," Baba akasema, akinitazama. "Na hicho mnachokipika humo chumbani je?"

"Hicho ni cha ziada," nikamjibu. "Ofa ya mteja wa muda mrefu."

Nilipopita chumbani kuchukua mkoba wa Mama, kioo kilisomeka sitini na moja.

Tulirudi saa nane. Baba hayupo. Swichi kuu iko chini. Ile karatasi haikuchanwa; ilikuwa mezani, imekunjwa mara nne, na vipande vinne vya utepe vimebanduliwa taratibu na kubandikwa ukingoni mwa meza kimoja baada ya kingine, kama afanyavyo fundi anayetunza vifaa vyake.

Nilipandisha swichi. Kompyuta haikunguruma. Iligonga: tik, tik, tik, kama mtu anayegonga ukucha kwenye bati. Kioo kikasema hakuna diski ya kuanzia. Nikazima nikawasha. Tik, tik, tik. Nikaibeba begani mpaka dukani kwa fundi kompyuta, mtu mzima anayevaa miwani mbili kwa pamoja. Aliifungua, akaweka sikio, akaifunga.

"Umeme ulikatika inaandika?"

"Ndiyo."

"Diski mzee hivi, ilikuwa inangoja sababu. Kichwa kimekwaruza sahani. Hii imekufa, mdogo wangu." Akavua miwani moja. "Mlinakili wapi?"

Funguo zangu zilikuwa mkononi, na flashi juu yake. Nikazitia mfukoni.

"Basi kompyuta mnayo," akasema. "Ukitia diski mpya itapona. Vilivyokuwemo, sahau."

Nilipofika nyumbani, Baba alikuwa ameketi sebuleni, viatu amevivua na kuvipanga. Mama alisimama mlangoni mwa chumba chake. Nilikuwa sijamwambia kitu, lakini mtu anayerudi na kompyuta begani kama maiti hahitaji kueleza.

"Baba," nikasema, "kuna karatasi niliibandika."

"Nimeisoma."

"Umeisoma, ukazima?"

"Nilienda shule, mwanangu, kusoma najua." Akavuta pumzi. Nadhani hayo ndiyo maneno mengi zaidi niliyowahi kumsikia akiyasema kwa mkupuo. "Ukuta ule ni wa mbao. Nimehesabu, ni hamsini. Miaka yote hii nilivumilia kwa sababu mama yako ni mtu, na mtu huchoka. Ikifika saa tatu analala. Akiumwa kichwa ananyamaza. Akienda kwa mdogo wake napata wiki nzima. Hicho kitu hakichoki. Hakilali. Mtakiweka kwenye simu, atanifuata nacho mpaka bafuni. Mimi nitakufa, na kitabaki kinaniambia nyamaza." Akageuka kumtazama Mama. "Nimezima mimi. Sikusahau."

Nilijiinamia nikingoja. Hata jirani wa ng'ambo ya barabara nadhani alikuwa anangoja. Mama alifungua mdomo. Shingo ilimtoka mishipa. Kisha akaufunga, akapangusa midomo kwa leso, akanigeukia mimi.

"Chumvi, niletee maji."

Akanywa, akarudi chumbani, akafunga mlango.

"Hajasema kitu," Baba akaninong'oneza.

"Umeona."

"Atasema kesho."

Sasa nikwambie lililo baya zaidi. Nilikuwa na hasira naye, lakini flashi ilikuwa inaniuma mfukoni kama kaa la moto. Baba alizima swichi, hilo lilikuwa kosa la Jumanne. Mimi nilikuwa nimezima kila siku kwa siku kumi na tisa. Na mtu mwenye deni la namna hiyo hutafuta haraka wa kumbebesha.

"Na umekosea hesabu," nikamwambia.

"Hesabu gani?"

"Si hamsini. Ulizosikia ni arobaini na tisa. Ya hamsini aliisoma ulipokuwa bafuni."

Akanikazia macho. "Nayo ya matusi."

"Hapana. Hiyo ilikuwa nyingine kabisa. Alinifukuza kwanza kwenye kiti ndipo akaisoma, nikaisikia niko mlangoni."

Hakukuwa na sentensi hiyo. Ya hamsini ilikuwa "Fyuzi, hata kivuli chako kinakuonea aibu", nami ndiye niliyeiandika.

"Ilisemaje?" Baba akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Haipo tena, Baba. Umeizima."

Nikamwacha pale.

Jumatano Mama aliamka saa kumi na mbili, akafungua dirisha akamwita jirani wa kushoto kwa jina lake lote na la ukoo: "Amka, mvivu wewe, leo ni bure!" Nilimletea simu yangu, nimefungua pa kurekodia. Nilimwambia tunaweza kujaribu tena, sentensi thelathini, hata kumi, nitambembeleza yule binti azitume.

"Weka chini," akasema.

"Mama, kumi tu."

"Kumi zitatengeneza nini, bubu mwenye kigugumizi? Nina siku moja. Leo naongea na watu."

Na aliongea. Aliwapigia simu dada zake wote watatu, mama mdogo alilia, akamwambia, "Lia kwa zamu, na mimi nina la kusema." Alimwita muuza mboga akagombana naye juu ya fungu la mchicha lililonyauka, kwa raha ya kugombana, kisha akamwambia hajawahi kuona mchicha mzuri kama wake. Walikuja wanafunzi wake wa zamani, watu wazima wenye vitambi, akawapanga mstari akawasomesha silabi. Alinisema mimi pia, suruali, nywele, marafiki, mstari kwa mstari. Koo lilipofunga alikunywa maji ya vuguvugu, akangoja nusu saa, akaanza upya.

Kwa Baba hakusema neno.

Mwanzoni Baba alidhani zamu yake imechelewa tu. Alipeleka chai, Mama aliipokea akiwa anaongea na mtu mwingine. Alikaa karibu, Mama aliendelea na simu. Saa sita nilimwona anavua viatu vyake na kuviacha katikati ya mlango, kimoja huku kingine kule, yeye aliyezoea kuvipanga kama askari. Mama aliviruka. Chakula cha mchana alitafuna kwa kelele, mdomo wazi, macho kwa mkewe. Mama aliniomba nimsogezee chumvi. Alasiri alivaa shati nje ndani akapita mbele ya wageni mara tatu. Mzee mmoja mgeni akamwambia, "Shemeji, umegeuza shati," na Baba akamjibu kwa ukali, "Wewe nani alikuuliza?" akamtazama Mama haraka, kama mtoto aliyejibu swali darasani. Mama alikuwa anamsimulia mtu habari ya mkaguzi wa elimu aliyeanguka kwenye kiti kibovu. Wageni walicheka sana.

Jioni Baba alidondosha kikombe. Hakikumponyoka, nilikuwa namwona: alikiinua, akaulegeza mkono. Kikavunjika miguuni pa Mama. Mama alinyanyua miguu, akaniambia nilete ufagio.

Baba akanifuata uani nilipokwenda kumwaga vigae.

"Mwambie aniseme."

"Mwambie mwenyewe."

"Mkumbushe ile moja. Anaikumbuka? Mwambie hata kama si kwa sauti kubwa. Akimaliza, anitukane zote arobaini na tisa, nitakaa."

Hapo ningeweza kumwambia. Kilikuwa kitu cha sekunde tano. Nilimwaga vigae nikasema, "Nitajaribu," nikarudi ndani kusikiliza hadithi ya mkaguzi.

Alhamisi tulifika hospitalini saa kumi na mbili na nusu. Mama alivalishwa gauni la kijani lililofungwa nyuma. Sauti ilikuwa imebaki kidogo sana, alikuwa ameitumia yote vizuri. Ilibidi uiname kumsikia. Muuguzi alikuja na kitanda cha magurudumu, akaniambia naweza kumsindikiza mpaka milango miwili ya mwisho. Baba alitangulia akasimama pale mlangoni, kofia mkononi.

"Mama watoto," akasema. Sikuwahi kumsikia akimwita hivyo. "Najua nilichofanya. Sikuombi unisamehe. Ile sentensi yako ya hamsini, iseme tu. Mara moja. Nitaitunza mimi kichwani."

Mama alimtazama kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Akakunja uso. Akanipungia kidole, nikainama.

"Anataka nini huyu?" akaninong'oneza. "Sentensi gani?"

Nikamweleza sikioni, harakaharaka, kwamba nilimdanganya. Kwamba nilimwambia ipo moja nzuri, ya siri, na kwamba ameiua kwa mkono wake.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Alimtazama Baba, ile kofia, yale macho mekundu. Angeweza kusema chochote. Angetunga palepale maneno matatu, mwalimu wa miaka thelathini na mmoja hakosi maneno matatu, na yule mzee angeondoka nayo hadi kaburini. Nilimwona akilifikiria hilo. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, akacheka, kicheko kikavu cha makwaruzo kilichosikika korido nzima, akanishika shavu akanivuta karibu.

"Sikukulea bure," akasema.

Akampa muuguzi ishara. Milango ikafunguka, ikafungika, ikaendelea kuchezacheza kidogo kisha ikatulia.

Baba alinishika mkono wa shati.

"Amesema nini?"

"Amenisifu."

"Na mimi? Kuhusu mimi amesema nini?"

Juu ya mlango taa nyekundu ikawaka.

"Hajakutaja, Baba," nikamwambia, na hilo lilikuwa kweli tupu.